Chupa Niliyoitoa Kwenye Gunia Lako

Mwanangu Restituta,

Basi la Katesh linapita mapema kesho, na mama yako ameshakuambia yote ya blanketi, ya chumba cha kupanga na ya kutokula hovyo njiani. Nimemsikia kupitia ukutani. Katika hayo sina cha kuongeza, yeye anayajua kuliko mimi. Mimi nimebaki na jambo moja, la chupa.

Juma lililopita uliwaita watoto wa majirani hapa uani uwaonyeshe namna ya kutenganisha. Gunia la plastiki, gunia la chuma, gunia la kioo, na ndoo ya maganda. Nilikuwa nimekaa mlangoni nawatazama, nimefurahi kama wao, mpaka mmoja akatoka jikoni na ile chupa nene ya kijani, yenye ufa mdogo mdomoni. Ukaipokea, ukaiinua juu. "Na hii je, inaenda wapi?" Wakaitikia kwa pamoja, "Kioo!" Ikaingia guniani. Nikainuka, nikaingiza mkono, nikaitoa, nikarudi nayo ndani. Ukacheka, ukasema, "Baba, umefundisha shule nzima kutenganisha, wewe mwenyewe chupa moja inakushinda?" Watoto wakacheka pia.

Jioni ile ukaniletea niusome mpango wa kazi unayokwenda kuianza kwenye mradi wa taka mashuleni. Mashindano ya shule kwa shule. Kila shule inakusanya makopo na chupa, inapimiwa kwenye mzani mbele ya wazazi, na yenye uzito mkubwa inapewa mipira na madawati. Ukaniuliza naonaje. Nikasema, "Ni mzuri."

Sikusema ukweli wote. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisalimiana vizuri, tukila pamoja, na hatujazungumza. Sasa unaondoka, na ninaogopa mambo mawili ambayo kwangu ni jambo moja: kwamba utaamini baba yako alikasirishwa na utani, na kwamba utakwenda kufanya katika shule nyingi kile nilichokifanya mimi katika shule moja. Ndiyo maana naandika. Kwa mdomo ningeishia tena kusema ni mzuri.

Nianze na jina. Mjomba wako Damiano huniita Taka. Umekua ukimsikia akipiga kelele kutoka barabarani, "Taka! Umeamkaje, Taka?" na wewe na kaka zako mmeamini ni kwa sababu ya kazi yangu ya taka pale shuleni. Sikuwahi kuwasahihisha. Jina hilo ni la zamani kuliko kazi, ni la zamani hata kuliko ndoa yangu na mama yako.

Unajua kwamba mimi si mzaliwa wa Nambis. Nilizaliwa Hirbadaw, kwa watu wa ng'ombe, mahali ambapo asubuhi unafungua mlango na mlima Hanang umesimama mbele yako kama mgeni aliyefika mapema. Mashamba makubwa ya ngano yalipofikia malisho yetu tuliambiwa tusogee. Neno lilikuwa hilohilo, kusogea, kama watu wanavyosogea kwenye benchi kanisani ili mwingine akae. Tukasogea mara ya kwanza, tukasogea tena, na mwisho baba yangu akakumbuka kwamba ana rafiki huku Nambis aliyekuwa akimtunzia ng'ombe wachache. Tukaja kwa miguu. Bibi yako alibeba vibuyu vyake vya maziwa mgongoni, na njiani kwenye miinuko alianguka, vikavunjika. Kwetu mwanamke bila vibuyu vyake ni kama fundi bila vyombo vyake. Hakulia mbele yetu, lakini alipofika hapa aliomba sufuria kwa jirani ili akamulie, na sikumwona tena akiwa na uso wa namna ile.

Nikaingizwa darasa la kwanza nikiwa mkubwa kuliko wenzangu. Wao nyumbani walisema Kiiraqw, mimi Kibarabaig, na Kiswahili kilikuwa kigeni kwetu sote, ila wao walikuwa wamekitangulia. Mwalimu alitufundisha kwa amri na maswali. Kaa hapa. Soma hapa. Andika hapa. Unataka nini? Nataka maji. Nataka kalamu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote, na nilijivunia kwamba naweza kuyasoma yakiandikwa.

Nyuma ya madarasa kulikuwa na shimo, na kando yake ubao mdogo. Siku moja nikasimama nikausoma polepole. TAKA HAPA. Nikafikiri sana. Kaa hapa, soma hapa, taka hapa. Kwa kadiri ya Kiswahili changu, shule ilikuwa imetenga mahali pa mtu kwenda kutaka.

Basi nikashuka shimoni nikatafuta tunachokitaka nyumbani. Nikaipata chupa ya kijani, nzito, nzima isipokuwa ufa mdomoni. Nilikuwa naisugua na majani wakati mwalimu wa zamu aliponikuta, na nyuma yake wamekuja watoto.

"Unafanya nini humo?"

"Nataka," nikasema.

"Unataka nini?"

Swali hilo nilikuwa nalijua vizuri sana. Nikasimama wima kama darasani, nikajibu, "Nataka chupa, mwalimu. Imeandikwa taka hapa."

Aliyecheka kwanza alikuwa mvulana mwembamba mwenye meno makubwa, naye ndiye aliyenipa jina kabla hatujafika mstarini. Ndiyo, Damiano. Miaka ikapita akaniletea dada yake, kwa hiyo siwezi kusema alinifanyia ubaya tu.

Chupa nilienda nayo. Bibi yako aliichemshia maji ya majivu, akaikausha moshini kama alivyofanya vibuyu, akaweka samli. Ilikuwa chombo chake cha kwanza katika nchi hii. Ng'ombe walipopungua na samli ikaisha, tukajifunza jembe kwa majirani, na chupa ikawa ya mbegu za maboga. Alipofariki niliichukua mimi. Wewe umeikuta jikoni ikiwa na chumvi, ikiwa na mafuta ya taa, ikiwa tupu. Siku ile ilikuwa tupu. Ungejuaje? Mimi ndiye sikukuambia.

Sasa nije kwenye shule.

Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu mwenye kichwa cheupe, uliyemlilia ukiwa darasa la pili. Alikonda huku anakula. Tulipomchinja, tumboni tulikuta donge la mifuko ya plastiki limekaza kama mpira wa kuchezea. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Nilijua lilikotoka. Hapa Nambis kila kinachotoka ndani ya nyumba huenda kwenye lundo la samadi, na samadi huenda shambani, na kwa vizazi vingi hilo lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa hakikuwahi kutoka ndani ya nyumba kitu ambacho ardhi haikukijua. Plastiki ilipokuja tukaipeleka palepale, kwa mikono yetu, kwa kuwa sisi ni watu wasafi. Ng'ombe wakala lundoni. Tulikuwa tunawalisha sisi.

Nikaanzisha ile kazi shuleni kwa sababu ya donge lile. Sijutii kuianzisha. Ukisoma barua hii ukadhani nakurudisha nyuma, isome tena.

Mwaka wa kwanza tulikwenda taratibu. Kisha wakaja wageni wa mradi, watu wema, wenye mzani mpya na fulana, wakasema kuna mashindano ya shule zote za tarafa. Niliyapenda kuliko wao. Nilisimama mstarini nikasema kila mtoto alete chupa na makopo kutoka nyumbani, na atakayeleta nyingi nitamfanya kiranja wa mazingira. Restituta, huwezi kuamini kasi ya watoto. Siku chache tu stoo ikajaa. Nilipita nikigusa magunia kama mkulima aliyevuna. Hakuna siku niliyojiona mwalimu mzuri kama siku zile.

Asubuhi moja kabla ya kupima akaja Bibi Tekla, yule wa nyumba ya juu ya kisima, ambaye wewe humkumbuki vizuri. Alikuja na fimbo na mjukuu wake Emanueli, amemshika sikio.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Chupa yangu iko wapi?"

"Chupa ipi, bibi?"

"Wewe ndiye mwalimu wa makopo?"

"Ndiyo mimi."

"Basi unaijua."

Nikamgeukia Emanueli. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa chupa ya mbegu za ulezi, ilikuwa darini juu ya jiko, na yeye alikuwa amebakiza kidogo tu kumpita mwenzake ili awe kiranja.

"Na mbegu umeziweka wapi?"

"Niliwamwagia kuku, mwalimu."

"Zote?"

"Zote. Walikula vizuri."

Bibi Tekla akamwachia sikio, akanitazama mimi. "Umesikia? Walikula vizuri. Basi mwaka huu nitapanda kuku."

Walimu wenzangu waliokuwa ofisini walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mimi nikamfungulia stoo. Akainama kwenye gunia la kwanza akaanza kuchambua. Akaipata yake akaitia kwenye khanga. Akaipata nyingine akaitia. Na nyingine, dumu dogo lenye mfuniko wake.

"Na hizo pia ni zako, bibi?"

"Si zangu," akasema, bila kuinua kichwa. "Nazitaka."

Nilisimama pale mlangoni na neno hilo. Nimesoma vitabu vingi kwa mtu wa huku. Kamusi yangu inayaweka maneno haya mawili kila moja na namba yake, taka ile ya uchafu na taka hii ya moyo, na wanaojua lugha wataniambia hayana undugu. Sibishani nao. Lakini mimi ndiye mtoto aliyewahi kuteremka shimoni kwa sababu aliyasoma kama neno moja, na nilipokuwa mkubwa, mwenye mzani na filimbi, nikawa nimewaamuru watoto walete vya nyumbani kwao vinavyotakiwa, ili nivifanye taka. Kama ulezi ule ungekuwa ndani ya chupa yangu ya kijani, mama yangu asingekuja na fimbo. Asingekuwa na Kiswahili cha kunidai.

Siku ya pili wakaja wanawake wengine. Habari ilikuwa imepanda na kushuka vilima vyote. Kila mmoja alimkuta Damiano amekaa kwenye lango la shule, ambako hakuwa na kazi yoyote, akiwaelekeza kwa furaha. "Ingieni, mama zangu. Taka yuko ndani. Leo ndiyo siku ya kutaka." Magunia yakapungua hadi yakakunjika. Wageni walipokuja na mzani tulikuwa wa mwisho, na mwalimu mkuu hakunisemesha hadi Pasaka.

Mama yako alimpelekea Bibi Tekla ulezi wa kwetu. Aliupokea, akaushika kiganjani, akasema ahsante, lakini si kama wake. Na kweli haukuwa kama wake. Wake ulikuwa mwekundu, wa shina fupi, haulali kwa upepo wa juu kule, na alikuwa ameupata kwa mama mkwe wake. Nimeuliza Nambis, nimeuliza hadi Dongobesh. Sijauona tena. Watu husimulia habari ya kuku, na mimi hucheka nao, kwa kuwa inachekesha. Ulezi hakuna anayeusimulia.

Baada ya hapo tulibadilisha jambo moja tu. Mtoto asilete kitu mpaka ameuliza nyumbani, kwa mdomo wake, kwa mtu mzima, "Bado mnaitaka?" Wakisema ndiyo, inabaki. Wakisema hapana, inakuja shuleni. Watoto waliupenda mchezo huo kuliko mzani. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, niliuliza redio mbovu, baba akasema anaitaka. Nikauliza baiskeli isiyo na magurudumu, anaitaka. Nikauliza mbwa, akanifukuza."

Kilichokuja kilikuwa kidogo na kibaya. Karatasi za biskuti, vifuko vya sabuni, betri zilizovuja, ndala zilizokatika, makopo yaliyopasuka. Nikamwita kijana mnunuzi wa chakavu anayepita na mkokoteni siku ya mnada. Akatia mkono guniani akautoa. "Hizi hapana, mwalimu. Hizi hazina mtu." Ndipo nikaelewa tulichokuwa tukifanya kabla. Tulikuwa tunakusanya vile ambavyo kila mtu anavitaka, kwa kuwa vina uzito na vinauzika, na tunaviacha vile vilivyomuua ng'ombe wetu, kwa kuwa ni vyepesi kama nywele na mzani hauvioni.

Hilo sikulimaliza. Tulivifungia stoo visirudi kwenye lundo la samadi, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa faida yetu yote, stoo iliyojaa na ng'ombe wasiokula plastiki. Mara moja lori lilikubali kuvipeleka Arusha, mara nyingine halikukubali. Wewe umesoma mambo haya chuoni, unawajua watu wa viwanda, na unajua kuandika barua pepe zinazojibiwa. Nakuachia hapo nilipokwama, na sioni haya, maana kama ningekuwa nimemaliza usingekuwa na kazi ya kwenda.

Ila mzani, mama. Fikiria tena habari ya mzani. Unaanzia Hirbadaw. Mtoto wa kule anayechunga kutwa nzima huweka maziwa yake au maji yake ndani ya kopo lililokuwa la soda. Vibuyu vimekuwa vichache, makopo ndiyo vibuyu vyao sasa. Ukimwambia shule yake itapata mpira kwa uzito, atakuletea hilo kopo, kwa kuwa ni mtoto na anakupenda, naye atachunga na kiu. Hutamwona akiwa na kiu. Utaona gunia limejaa, na utafurahi kama nilivyofurahi mimi. Ukiweza kuushawishi mradi wako upime vile visivyo na mtu, hata kwa ndoo, hata kwa kuhesabu malundo ya samadi yaliyobaki safi, fanya hivyo. Wakikataa, basi angalau wafundishe watoto kuuliza kwanza. Hakuna mfadhili atakayekukataza swali.

Uliniomba nije siku ya kwanza niwaambie watoto neno, nikasema goti. Si goti. Basi la Katesh nimelipanda mara nyingi, na kila linapokaribia upande wa Hirbadaw mimi huwa na kitu cha kutazama kwenye dirisha la upande mwingine. Ngano nimeiona, sitaki kuiona tena. Lakini tangu uliponiambia kwamba shule ya kwanza ni ya kule nimekuwa nikijiuliza kama ule mwinuko ambako mama yangu aliacha mafiga yake bado una majani. Siahidi. Nikija, nitakaa nyuma ya darasa, na usinitambulishe kama mzee wa hapa, kwa sababu watoto wataniuliza nyumba yangu iko wapi.

Chupa iko ndani ya begi lako, katikati ya sweta mbili, mama yako anajua. Nimeiosha. Usiiweke kabatini kama kumbukumbu. Ipeleke darasani, iinue juu kama ulivyoiinua hapa uani, uwaulize, "Hii inaenda wapi?" Watakuambia kioo, kwa sauti kubwa, na watakuwa wamejibu vizuri. Kisha waambie ni ya nani, na ilitoka shimo gani. Wakinicheka, waache wacheke. Nimezoea, na mjomba wako angesikitika kama wasingecheka.

Ukifika, piga simu kwa mama yako kwanza, atakuwa amekaa nayo mkononi. Na utakaporudi likizo, Restituta, hata kama mwalimu fulani atakuomba umwachie chupa ya kufundishia, hata kama ufa umefika chini, irudishe. Nimeulizwa na nimejibu. Bado naitaka.

Baba yako